Lawrence Sperry

Lawrence Burst Sperry (Chicago, 21 Desemba 1892 – Mfereji wa Kiingereza, 13 Desemba 1923) alikuwa rubani, mhandisi na mvumbuzi kutoka nchi ya Marekani. Anajulikana hasa kwa kutengeneza na kuonyesha hadharani kifaa cha kwanza kilichofanikiwa kuiweka ndege sawa angani bila mkono wa rubani, yaani rubani otomatiki. Alifariki akiwa na umri wa miaka 30.

Maisha ya awali

Lawrence alikuwa mtoto wa Elmer Ambrose Sperry na mke wake Zula Goodman. Baba yake alikuwa mvumbuzi mashuhuri aliyetengeneza dira ya jiroskopu kwa ajili ya meli. Familia ilihamia Brooklyn katika jiji la New York, na mwaka 1910 baba alianzisha huko kampuni ya Sperry Gyroscope.

Tangu ujana wake Lawrence alipenda mashine kuliko masomo ya darasani. Akiwa bado kijana alijijengea ndege nyumbani kwao Brooklyn wakati wazazi wake wako safarini. Sehemu zilipokuwa tayari zilikuwa kubwa mno kupita mlangoni, ikabidi dirisha liondolewe pamoja na fremu yake ili zitolewe nje. Kwanza chombo hicho kilikuwa nyiririko, yaani ndege isiyo na injini. Baadaye alikifunga injini. Mwaka 1913, akiwa na umri wa miaka 20, alipata leseni ya urubani.

Tatizo la kuiweka ndege sawa

Ndege za wakati ule zilitengenezwa kwa mbao, nyaya na kitambaa. Zilikuwa nyepesi sana, hivyo upepo mdogo tu uliweza kuinamisha bawa. Rubani alilazimika kusahihisha mwelekeo kila sekunde, na akichoka au kupitiwa, ndege ilianguka.

Hali ilikuwa mbaya zaidi ndani ya wingu au ukungu. Binadamu hujua kwamba amesimama wima kwa kutumia macho pamoja na viungo vilivyo ndani ya sikio. Asipoona upeo wa macho, sikio humdanganya. Ndege inayozunguka polepole humfanya rubani ajisikie kama anakwenda moja kwa moja, na akijaribu kujirekebisha kwa kufuata hisia zake, anaweza kuitumbukiza ndege chini. Marubani wengi walikufa kwa njia hiyo.

Suluhisho la akina Sperry lilikuwa jiroskopu. Hiki ni kifaa chenye gurudumu zito linalozunguka kwa kasi kubwa. Hufanya kazi kama pia ya watoto: ikizunguka kwa kasi husimama wima, hata ukiinamisha sahani iliyo chini yake. Ndani ya ndege, jiroskopu hubaki katika mkao wake wakati ndege yenyewe inapoinama. Tofauti kati ya mikao hiyo miwili ndiyo inayouamuru mtambo uvute nyaya za kuongozea mpaka ndege irudi sawa. Baba alikuwa amekwisha kutumia kanuni hiyo kupunguza kuyumba kwa meli. Kazi ya Lawrence ilikuwa kuifanya iwe ndogo na nyepesi kiasi cha kubebwa na ndege. Alifanya majaribio yake Hammondsport, jimbo la New York, kwenye ndege za Glenn Curtiss. Kifaa kilichopatikana kilikuwa na uzito wa takriban kilogramu 18.

Onyesho la Paris, 1914

Tarehe 18 Juni 1914 Lawrence alishiriki mashindano ya usalama wa ndege yaliyofanyika Bezons, kando ya mto Seine karibu na Paris, Ufaransa. Alitumia ndege ya Curtiss C-2 iliyoweza kutua majini, akiwa pamoja na fundi wake Mfaransa, Emil Cachin.

Katika mzunguko wa kwanza mbele ya waamuzi, Lawrence aliachia usukani na kuinua mikono juu, na ndege iliendelea sawa. Katika mzunguko wa pili Cachin alitoka kwenye kiti na kusimama juu ya bawa. Kwa kawaida uzito wa mtu upande mmoja ungeipindua ndege, lakini kifaa kilisahihisha mara moja. Katika mzunguko wa tatu wote wawili walikuwa juu ya mabawa, kila mmoja upande wake, na kiti cha rubani kikiwa kitupu. Lawrence alishinda zawadi ya faranga 50,000.

Majuma machache baadaye Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilianza, na matumizi ya kiraia ya kifaa hicho yakachelewa.

Wakati wa vita

Pamoja na Peter Cooper Hewitt na baba yake, Lawrence aliingia katika mradi wa jeshi la majini la Marekani wa kutengeneza ndege isiyo na rubani iliyokusudiwa kubeba mabomu. Yeye mwenyewe alizirusha baadhi ya ndege hizo katika majaribio, na zaidi ya mara moja aliponea chupuchupu zilipoanguka. Tarehe 6 Machi 1918, huko Copiague kwenye kisiwa cha Long Island, ndege moja iliruka takriban mita 900 bila mtu ndani yake. Mradi huo huhesabiwa miongoni mwa mianzo ya makombora na droni za leo.

Katika miaka hiyo kampuni ya familia ilitoa pia kipimo cha mgeuko. Sindano yake, inayoendeshwa na jiroskopu ndogo, humwonyesha rubani kama ndege inageuka na kwa kasi gani, hata asipoona kitu nje.

Mwaka 1918 Lawrence alimwoa Winifred Allen, mwigizaji wa filamu, na wakapata watoto. Aliandikisha hataza zaidi ya 20, zikiwemo za parashuti na za magurudumu ya kukunjwa.

Ndege ya Messenger

Lawrence alianzisha pia kampuni yake mwenyewe huko Farmingdale, New York. Kampuni hiyo ilijenga Messenger, ndege ndogo iliyobuniwa na Alfred Verville kwa ajili ya jeshi, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1920. Ilikuwa na injini ya silinda 3, na upana wa mabawa yake ulikuwa mita 6.1 tu. Mwaka 1922 Lawrence aliishusha ndege ya aina hiyo mbele ya ngazi za jengo la Bunge la Marekani mjini Washington.

Kifo

Tarehe 13 Desemba 1923 Lawrence aliondoka Uingereza peke yake akiwa katika Messenger ili kuvuka Mfereji wa Kiingereza wakati wa ukungu. Hakufika ng'ambo. Ndege yake ilikutwa baharini, na mwili wake ulipatikana tarehe 11 Januari 1924.

Urithi

Mwaka 1929 James Doolittle aliruka na kutua bila kuona nje, akitegemea vipimo tu. Upeo bandia na dira ya jiroskopu alivyotumia vilitoka kampuni ya Sperry, na kazi hiyo iliongozwa na Elmer Sperry Mdogo, ndugu wa Lawrence. Mwaka 1933 Wiley Post alizunguka dunia peke yake kwa ndege akisaidiwa na rubani otomatiki wa kampuni hiyohiyo.

Vifaa vya ukoo huo vimo hata katika ndege ndogo ambazo watu hujijengea nyumbani siku hizi, kama Lawrence alivyofanya. Vipimo vya mviringo huingizwa katika matundu ya paneli yenye kipenyo cha inchi 3⅛ (takriban milimita 79), na masanduku ya redio na ya rubani otomatiki hufungwa nyuma yake. Katika nyingi, gurudumu la jiroskopu limeachia nafasi sensa ndogo za kielektroniki, lakini kazi ni ileile: sensa huzunguka pamoja na ndege, na kifaa hukokotoa mkao wa ndege kutokana na mizunguko hiyo. Kwa hiyo sensa lazima ifungwe imara, sambamba na mstari wa katikati wa ndege. Ikifungwa upande au kulegea, itamwonyesha rubani upeo wa uongo. Sensa ya sumaku huwekwa mbali na chuma na nyaya za umeme mwingi. Masanduku huachiwa nafasi ya hewa ili yasipate joto kupita kiasi, uzito wake huhesabiwa katika mizani ya ndege, na nyaya hufungwa zisije zikanasa fimbo ya kuongozea.

Tangu mwaka 1936 hutolewa Marekani tuzo yenye jina la Lawrence Sperry kwa wahandisi wa anga wenye umri usiozidi miaka 35.