Malkia, mwalimu wa kwaya, mfungwa

Katika mji mdogo wa Haleiwa, kisiwani Oahu huko Hawaii, lipo kanisa la Kiprotestanti lenye saa isiyo na namba. Mahali pa moja hadi kumi na mbili zimewekwa herufi za jina la mtu: LILIUOKALANI. Hesabu, utazikuta kumi na mbili kamili. Saa hiyo ilitolewa zawadi mwaka 1892 na malkia mwenye jina hilo. Leo napenda tumtazame huyu mama, kwa sababu aliitumikia nyumba ya Mungu kwa muziki tangu ujana wake, na siku alipohitaji mtu wa kumbishia hodi, waliokuwa wakiimba naye hawakuonekana.

Alizaliwa Honolulu tarehe 2 Septemba 1838, katika ukoo wa machifu. Mama mmoja mkubwa wa ukoo, Kinau, alikuwa akiumwa macho siku hizo, basi mtoto akapewa jina Kamakaeha, lenye maana ya jicho linaloumwa. Sisi ambao tuna akina Shida, Masika na Tabu katika ukoo hatuwezi kushangaa. Kwa ubatizo akaitwa Lydia. Kwa desturi ya kwao, mara tu alipozaliwa alipelekwa kulelewa na familia nyingine ya kichifu, na akakua akiwaita hao baba na mama.

Akiwa na miaka minne alipelekwa bweni, katika shule ya watoto wa machifu iliyoendeshwa na wamisionari kutoka Marekani. Uzeeni alikuwa bado anakumbuka njaa ya huko: jioni mtoto alipewa kipande cha mkate na asali ya miwa, akalale. Lakini shule hiyohiyo ndiyo iliyompa noti. Alijifunza kuzisoma mapema kiasi kwamba aliweza kushika karatasi ya wimbo asioujua na kuuimba papo hapo. Wenzangu mliowahi kufundisha kwaya mnajua kipaji hicho ni adimu namna gani; wengi wetu tunaokota sauti kwa kusikiliza jirani.

Muziki ukawa pumzi yake. Alipiga kinanda, piano, gitaa, ukulele na zeze la mezani. Kaka yake Kalakaua, mdogo wake Likelike na mdogo wao Leleiohoku nao walikuwa watunzi, na kila mmoja alikuwa na kikundi chake cha waimbaji, wakishindana kama kwaya zetu zinavyoshindana wakati wa Pasaka. Katika kanisa kubwa la Kawaiahao, Honolulu, Lydia ndiye aliyeongoza kwaya. Mwaka 1866 mfalme Kamehameha wa Tano alimwomba awatungie Wahawaii wimbo wa taifa, maana hadi wakati huo walikuwa wakiimba ule wa Waingereza. Aliutunga, na kwaya yake ya Kawaiahao ikauimba. Maishani mwake alitunga nyimbo zaidi ya 150. Alipenda pia kupanda farasi, bustani ya maua na kushona. Mwaka 1878, akirudi na wenzake kwa farasi kutoka shamba la Maunawili, aliona watu wawili wakiagana kwa upendo, na njiani akaanza kuvumisha tuni. Ndiyo ikawa Aloha Oe. Huenda umewahi kuisikia bila kujua ni ya nani.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Mwaka 1862 aliolewa na John Dominis, wakaishi kwa mama mkwe, katika nyumba iitwayo Washington Place. Mama mkwe hakumfurahia bibi harusi wa Kihawaii kwa miaka mingi. Mungu hakuwajalia watoto. Baadaye mumewe alipata mtoto wa kiume na mwanamke mwingine. Lydia aliumia, ni nani asingeumia? Hata hivyo alimpokea mtoto huyo, akamlea, na hatimaye akamfanya mwanawe kisheria. Naomba mama anayesoma safu hii akiwa na jeraha kama hilo asinielewe vibaya. Sisemi lilikuwa jambo rahisi, wala sisemi mume hakukosa.

Sisi Wakatoliki tuna sababu yetu ya kumkumbuka. Mwaka 1881 kaka yake mfalme alipokuwa safarini kuzunguka dunia, Lydia alishika madaraka kwa niaba yake. Mwezi Septemba alivuka bahari hadi Kalaupapa, kisiwani Molokai, walikotengwa wagonjwa wa ukoma pamoja na Padre Damian, ambaye sasa ni mtakatifu. Alikuwa ameandaa hotuba. Aliposimama mbele ya nyuso zile, machozi yalimzuia kusema. Alirudi Honolulu, na Padre Damian akatunukiwa nishani ya ufalme.

Kalakaua alifariki Januari 1891, na dada yake akawa malkia. Mwezi Agosti mwaka huohuo akafiwa na mumewe. Mwaka 1893 alikuwa akitaka katiba mpya itakayorudisha nguvu ya wenyeji katika nchi yao. Tarehe 17 Januari kikundi cha wafanyabiashara na wanasheria wa asili ya kigeni, baadhi yao watoto wa wamisionari, kilimpindua, huku askari wa Marekani walioshuka kutoka manowari ya Boston wakiwa mjini. Malkia aliachia madaraka bila kumwaga damu, akitumaini serikali ya Marekani ingesahihisha kosa.

Hapa nisimpake rangi ya malaika. Mwishoni mwa mwaka huo balozi wa Marekani alimwuliza kama angewasamehe waliompindua iwapo angerudishiwa kiti. Alikataa. Sheria ya nchi ifuate mkondo wake, ndivyo alivyoona. Balozi alirudi tena na swali lilelile, na ilipita zaidi ya mwezi mmoja kabla malkia hajakubali, Desemba 18. Kiti chenyewe hakurudishiwa. Nakutajia hayo ili ujue mtu tunayemzungumzia tutakapofika Machi 1895.

Januari 1895 wafuasi wake walijaribu kumrudisha kwa silaha wakashindwa. Alikamatwa tarehe 16. Alisaini kujiuzulu. Kisha akahukumiwa na mahakama ya kijeshi katika ukumbi uleule wa kiti cha enzi, ndani ya ikulu ya Iolani, kwamba alijua njama asiziripoti: miaka mitano ya kazi ngumu na faini ya dola 5,000. Adhabu ilipunguzwa, akafungiwa chumba cha ghorofani cha ikulu hiyohiyo. Kilikuwa chumba kikubwa kisicho na zulia, kitanda kimoja kwenye kona, na askari akitembea barazani usiku kucha. Usiku wa kwanza alikuwa na kitabu cha sala cha Kianglikana, akasali kwacho pamoja na mama aliyekuwa akimhudumia.

Magazeti hakuruhusiwa. Lakini maua kutoka bustanini aliruhusiwa kuletewa, nayo yalifungwa kwa magazeti, na hivyo habari zikapenya. Pamoja na rafiki yake Eveline Wilson, aliyekubali kukaa naye kifungoni, alishona blanketi la viraka vya hariri na mahameli, bendera za Hawaii zikiwa katikati. Alianza pia kutafsiri Kumulipo, utenzi mrefu wa kale wa watu wake unaosimulia uumbaji. Na alitunga. Mwanzoni hakuwa na chombo chochote, basi aliimba mwenyewe kwa sauti na kuandika noti alizozisikia.

Ndipo tarehe 22 Machi alipoandika wimbo wa sala, akaupa jina la upendo wa Bwana na kumtolea Kaiulani, binti wa marehemu dada yake. Katika wimbo huo anamwomba Mungu asizitazame dhambi za wanadamu bali asamehe na kutakasa. Mwanamke aliyechukua zaidi ya mwezi mmoja kukubali kusamehe, akiwa huru nyumbani kwake, sasa anaomba msamaha huo akiwa mfungwa, bila mtu yeyote kumwuliza.

Alifungwa humo hadi Septemba, kisha akahamishiwa kizuizini nyumbani kwake. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1898 aliandika jambo ambalo kila paroko angepaswa kulisoma. Alisema kwamba tangu utotoni alihudhuria ibada za kanisa lile, alichangia vyama vyake vya kimisionari, alisaidia kujenga na kupamba makanisa yake, aliwapa muziki wake bure, na hakuna muumini wala mchungaji wake aliyemkumbuka kifungoni. Aliyekuja kumtembelea nyumbani kwake, mara kwa mara, ni Alfred Willis, askofu wa Waanglikana. Mwaka 1896 malkia alipokea kipaimara katika kanisa la askofu huyo.

Nilipousoma ukurasa huo niliwaza kwanza juu ya wale wachungaji, na hukumu yangu ilikuwa kali. Halafu nikamkumbuka mpiga kinanda wa parokia yangu ya kwanza. Alipelekwa mahabusu kwa kesi ya mpaka wa shamba. Nilitafuta haraka mtu wa kupiga kinanda Jumapili, nikampata. Kumtembelea nilikwenda siku ya kumi na saba. Alinipokea vizuri, akaniuliza kama kwaya imeshafanya mazoezi ya nyimbo za Kwaresima. Mathayo sura ya 25 nilikuwa nimeihubiri mara nyingi.

Tarehe 12 Agosti 1898 bendera ya Hawaii ilipoteremshwa na ya Marekani kupandishwa, malkia alibaki nyumbani. Mwaka 1909 aliweka mali yake chini ya amana ili iwasaidie yatima wa Kihawaii, na amana hiyo inafanya kazi hadi leo. Bendera ya Marekani hakuipeperusha kwake kwa miaka mingi. Ilionekana Washington Place mwaka 1917, baada ya mabaharia wa Kihawaii kufa katika meli ya Aztec iliyozamishwa na Wajerumani, na ilikuwa heshima kwa vijana wale.

Alifariki tarehe 11 Novemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 79. Mwili wake uliwekwa kwanza Kawaiahao, katika kanisa alikoongoza kwaya ujanani, watu wakapita kutoa heshima. Kisha ukapelekwa ikulu ya Iolani kwa ibada ya mazishi, katika ukumbi wa kiti cha enzi, palepale aliposimama mwaka 1895 akisomewa hukumu. Blanketi la viraka bado lipo ghorofani, katika chumba alichofungiwa.