Vecihi Hürkuş: Aliijenga Ndege, Akakosa wa Kuikagua

Katika kurasa kama hizi tumezoea kusoma habari za masahaba na wanazuoni. Safari hii twende kwa fundi.

Ukitaja habari za kuruka angani, vijana wengi watakutajia ndugu wawili wa Marekani, na aliyesoma zaidi atakwambia habari za Abbas ibn Firnas wa Andalusi. Huyu wa leo kwetu hatajwi sana, ingawa kwao Uturuki ni mtu mashuhuri. Jina lake Vecihi. Ile c ya Kituruki husomwa kama j, kwa hivyo sema Vejihi, na ukisikiliza vizuri utalisikia ndani yake lile jina la Kiarabu, Wajihi.

Alizaliwa Istanbul mwaka 1896, wakati mji huo ungali makao makuu ya Dola ya Uthmania. Babake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo. Alisoma shule ya ufundi, na vita vya Balkani vilipozuka mwaka 1912 akajitolea akiwa na umri wa miaka 16 tu. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta ni makanika wa ndege, akapelekwa upande wa Baghdadi. Huko alipata ajali ya ndege, akaumia, akarudishwa kwao. Ungedhani mtu akishaanguka na ndege atatafuta kazi nyingine. Wapi! Alipopona aliingia shule ya urubani pale Yeşilköy, na kufikia mwaka 1916 alikuwa rubani kamili.

Mwaka uliofuata alikuwa kwenye mapigano ya Kaukasi dhidi ya Warusi. Anahesabiwa kuwa rubani wa kwanza wa Kituruki kuiangusha ndege ya adui katika mapigano hayo ya Kaukasi. Muda si muda, naye akaangushwa. Alijeruhiwa, lakini kabla ya kukamatwa aliichoma ndege yake isiwafae maadui. Wakamfunga katika kisiwa cha Nargin, ndani ya Bahari ya Kaspi, karibu na Baku. Kwa msaada wa Waazeri alitoroka kwa kuogelea, akapita Iran, akafika kwao mwaka 1918. Kisha vikaja vita vya kupigania uhuru wa Uturuki, akaruka tena mpaka mwisho, na akapewa nishani.

Mambo hayo ya vita nayapitia haraka kwa makusudi. Waliopigana ni wengi. Kilichomtenga Vecihi na wenzake ni kwamba alitaka kuijenga ndege mwenyewe, kwa mikono yake na kwa akili ya watu wa nchi yake, badala ya kungoja kuuziwa na Wazungu.

Hapa inafaa tuelewe ndege ndogo ya siku zile ilikuwa kitu gani. Usifikirie dude la bati lenye tarakilishi ndani. Umbo lake lilikuwa la mbao nyepesi. Bawa lilikuwa na mbavu nyingi nyembamba zilizopangwa kwenye nguzo ndefu, mfano wa mbavu za jahazi kabla halijapigwa mbao. Juu yake ilivutwa nguo ya kitani, kisha ikapakwa dawa iliyoifanya ikauke na kukaza kama ngoma. Fundi seremala mzuri angeweza kazi hiyo. Ugumu uko kwenye hesabu: uzito uwe wapi ili ndege isiinamie pua wala mkia, bawa liinuke kiasi gani, na injini iwe na nguvu ya kuvuta lakini isiwe mzigo wa kuishinda. Ukikosea kidogo kwenye kitanda, kitanda kitalia. Ukikosea kidogo kwenye ndege, utaliliwa wewe.

Basi Vecihi alichukua injini iliyotekwa kutoka kwa Wagiriki, na katika karakana ya Izmir, kwa muda wa miezi 14, akajenga ndege aliyoiita Vecihi K-VI. Ilipomalizika aliomba kibali cha kuirusha. Ikaundwa kamati. Kamati ikakaa, ikatazama, na haikuwa na hata mtu mmoja mwenye ujuzi wa kusema kama ndege ile ni salama au si salama. Siku zikapita. Tarehe 28 Januari 1925 Vecihi akachoka kungoja. Akapanda, akawasha, akaruka, akatua salama salimini.

Aliposhuka alikuta adhabu inamngoja. Alikuwa amerusha ndege bila ruhusa, basi akafungiwa na mshahara wake ukakatwa. Tuseme haki: jeshi ni amri, na askari asiyengoja amri ni tatizo popote. Lakini kumwadhibu mtu kwa kukosa karatasi ambayo hakuna anayeweza kuiandika, hilo nalo ni neno. Vecihi akaacha jeshi. Ndege yake ikabaki mikononi mwao, na yeye hakuirusha tena.

Wengine wangeishia hapo na kubaki wakilalamika barazani. Yeye aliingia katika Chama cha Ndege cha Uturuki, kilichoanzishwa mwaka huo huo wa 1925, akawa akifanya kazi na huku akiweka akiba. Mwaka 1930 alichukua likizo, akakodi duka la mbao pale Kadıköy, upande wa Istanbul ulio bara la Asia. Yaani penye kuuzwa mbao za milango na madirisha ndipo alipojenga ndege. Kwa miezi mitatu alikuwa ameimaliza Vecihi XIV, ndege ndogo ya watu wawili, mali yake mwenyewe. Mwezi Septemba aliirusha mbele ya umati, kisha akaenda nayo hadi Ankara.

Safari hii alitaka mambo yaende kwa kanuni. Alipeleka ombi la cheti wizarani. Jibu lililorudi lilikuwa lile lile la Izmir: nchini hakuna mtu wa kuipima ndege hiyo kitaalamu, kwa hivyo cheti hakiwezi kutolewa.

Wewe ungefanyaje? Vecihi aliifungua ndege vipande vipande, akaipakia kwenye gari la moshi, akavuka nayo nchi baada ya nchi hadi Prague, Chekoslovakia, ambako walikuwako wakaguzi wanaoijua kazi yao. Akafika Desemba 1930, katikati ya baridi. Wacheki waliipima, wakaijaribu, na Aprili 1931 wakampa cheti. Hakuirudisha kwa gari la moshi. Aliipanda, akarudi nayo kwa njia ya anga mpaka Uturuki.

Alipokuwa na cheti mkononi, aliizunguka nchi kwa ndege akiwahamasisha watu wachangie maendeleo ya usafiri wa anga. Mwaka 1932 alifungua shule ya urubani ya raia pale Kadıköy, ya kwanza nchini, kwa mali yake na nguvu zake. Wanafunzi walikuwa 12, wawili wao wasichana. Mmoja alikuwa Bedriye Gökmen, anayetajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Kituruki kuwa rubani. Wa pili ni Eribe, binti wa ndugu yake. Tajiri mmoja aliyekuwa mkandarasi wa reli, Nuri Demirağ, alimsaidia kwa fedha, na ndege iliyojengwa kwa msaada huo ikapewa jina la Nuri Bey. Bey ni kama kusema Bwana.

Shule haikudumu. Fedha zilikuwa haba, na serikali haikuzitambua shahada za wanafunzi wake. Karatasi tena! Na mwaka 1936 likampata kubwa zaidi ya hilo: Eribe aliruka kwa mwavuli na mwavuli haukumwokoa. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Aliyemfundisha binti wa nyumbani mwake kuipenda anga ndiye aliyelazimika kumzika. Wala hakuiacha kazi baada ya msiba ule.

Kabla sijasahau, jina la Hürkuş lilikuja katikati ya miaka hiyo. Mwaka 1934 Uturuki ilipitisha sheria kwamba kila mtu awe na jina la ukoo. Kuş kwa Kituruki ni ndege anayeruka kwa mbawa, na hür ni neno lile lile la Kiarabu tulilolichukua nasi tukalitamka huru. Ndege huru. Mimi naona kwa Kiswahili jina limemkaa vizuri hata kuliko kwa Kituruki chenyewe, maana kwetu anayeruka kwa manyoya na inayoruka kwa injini wote twawaita ndege.

Mwaka 1937 alipelekwa Weimar, Ujerumani, kusomea uhandisi wa ndege. Alikuwa na miaka 41, anakaa darasani na vijana. Kwa vile mengi alikuwa ameyajua kwa vitendo, alimaliza kwa miaka miwili. Aliporudi wizara ikakataa kuitambua shahada yake, eti mtu hawezi kuwa mhandisi kwa miaka miwili. Akaenda mahakamani, akashinda. Kisha akahamishiwa Van, mashariki kabisa ya nchi, mahali ambapo hapakuwa na vifaa vya kazi yake. Akajiuzulu.

Mwaka 1954, akikaribia miaka 60, alianzisha shirika lake la usafiri kwa ndege zilizochakaa ambazo shirika la taifa lilikuwa limeziacha. Nia yake ilikuwa kuifikia miji ambayo wakubwa hawakuijali. Mambo yakaharibika: hujuma, ndege moja ikatoroshwa hadi Bulgaria, mwishowe akazuiwa kuruka. Kilichobaki ni madeni ya bima. Baadaye alikodishwa kutafuta madini kutoka angani huko kusini-mashariki, na hata ile posho ndogo aliyopewa na taifa kwa utumishi wake ilikamatwa kulipia madeni.

Inahesabiwa kwamba aliruka kwa miaka 52, akaendesha aina 102 za ndege, kwa saa zipatazo 30,000. Alifariki hospitalini Ankara tarehe 16 Julai 1969, akazikwa katika makaburi ya Cebeci. Siku hiyo hiyo, kule Florida, chombo cha Apollo 11 kiliondoka kwenda mwezini.

Mwaka 2013 kiwanda cha ndege cha Uturuki kilirusha kwa mara ya kwanza ndege ndogo ya mafunzo, ya injini moja na viti viwili, iliyopewa jina la Hürkuş. Cheti chake kilitoka mwaka 2016, na safari hii waliokitia sahihi walikuwemo wakaguzi wa Kituruki wenyewe.