Tunamsoma Siti binti Saad, Hatumsikii

Muhula uliopita niliwauliza wanafunzi wangu wa isimu iwapo wanamjua Siti binti Saad. Wengi waliinua mikono. Walijua kwamba alizaliwa Fumba, kwamba aliuza vyungu, na kwamba Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Nilipouliza ni nani kati yao amewahi kuisikia sauti yake, mikono yote ilishuka. Jambo hilo limenikaa moyoni, nami naomba ruhusa ya msomaji nilizungumze leo, kwani mtu aliyeishi kwa sauti amebaki kwetu kama maandishi tu.

Siti alizaliwa Unguja, katika kijiji hicho cha Fumba, mnamo 1880 hivi. Baba yake asili yake ilikuwa Unyamwezi na mama yake Uzigua. Jina alilopewa ni Mtumwa, na zama hizo jina hilo halikuwa fumbo, maana utumwa haukupigwa marufuku Zanzibar hadi mwaka 1897. Hakusoma. Alijifunza kufinyanga, akawa anabeba vyungu kichwani kutoka shamba hadi mjini huku akivinadi njiani, na inasimuliwa kwamba watu waliijua sauti yake kabla ya kuijua sura yake. Mwaka 1911 alihamia mjini, akakutana na Ali Muhsin, mwanamuziki aliyetambua kipawa chake na kumfunza kuimba kwa kufuata ala. Jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, lilikuja baadaye. Mimi kazi yangu ni maneno, na sijaona safari ndefu kuliko ile ya kutoka Mtumwa hadi Siti katika umri wa mtu mmoja.

Taarab aliyoikuta ilikuwa imeingia kwa mlango wa kasri. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeileta kutoka Misri, na lugha yake ilikuwa Kiarabu. Siti aliiimba kwa Kiswahili. Tendo hili huelezwa vitabuni kwa sentensi moja kana kwamba lilikuwa jepesi, ilhali lilibadilisha hata mambo yaliyoweza kuimbwa. Kiarabu cha kasri kilikuwa cha mapenzi na sifa. Kiswahili cha Ng'ambo kilikuwa na habari za mahakama, za makarani walioiba, za wanaume waliowadhulumu wanawake. Wimbo wake kuhusu Kijiti ulisimulia mauaji ya mwanamke mgeni aliyekuja Unguja kutembea. Muuaji alitoroka akavuka bara, na adhabu ikawaangukia wanawake waliokwenda kutoa ushahidi. Hapakuwa na gazeti la Kiswahili la kuwatetea wanawake wale. Palikuwa na Siti.

Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay pamoja na wenzake, miongoni mwao Subeit bin Ambar, Buda bin Swedi, Mwalimu Shaaban na Mbaruk Talsam, ili nyimbo zao zirekodiwe na kampuni ya His Master's Voice. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodiwa. Kila upande wa santuri ulichukua dakika tatu hivi. Wimbo ambao barazani uliweza kwenda hadi wasikilizaji waridhike ulilazimika kukatwa ili uenee, na yafaa tukumbuke hivyo tunapousikiliza: hatumsikii Siti wa usiku mzima, twamsikia Siti wa dakika tatu. Hata hivyo, dakika hizo zilivuka bahari na kufika pwani yote, Mombasa ikiwamo. Alifariki Julai 1950, muda mfupi baada ya Shaaban Robert kumhoji, na wasifu ukachapishwa mwaka 1958.

Kitabu kimeishi. Santuri je? Santuri za zama hizo zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu wa mdudu wa Bara Hindi, ambao ni mgumu lakini huvunjika kama kigae. Sindano ya chuma ilikwangua mfereji kila ilipopita. Na hapa sina budi kukiri kosa langu mwenyewe. Marehemu shangazi yangu alikuwa na santuri chache chini ya kitanda, moja ikiwa ya Siti. Nikiwa kijana mwenye bidii kuliko maarifa, niliichukua niisafishe kwa spiriti. Spiriti huyeyusha shelaki. Mfereji ulifumbika mbele ya macho yangu, na kilichobaki ni sahani nyeusi isiyosema lolote. Shangazi hakunisuta. Alikifunga kitambaa chake na kurudisha sahani ile mahali pake, kama kwamba bado ingeweza kuimba.

Siku hizi vijana wengi wana vifaa vya kuhamisha santuri hadi kwenye tarakilishi, na nyimbo hizo wanaziweka mtandaoni bila malipo. Nawaunga mkono. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2001, ulinzi wa rekodi ya sauti huisha baada ya miaka 50, kwa hiyo hapa Kenya rekodi za 1928 si mali ya kufungiwa kabatini. Ninalolalamikia ni namna ya kufanya kazi yenyewe. Nimekuta nyimbo zilizoandikwa tu kuwa taarab ya zamani, bila mwaka, bila majina ya wapigaji, bila nambari iliyochorwa karibu na lebo, nambari ambayo ndiyo cheti cha kuzaliwa cha santuri. Nimekuta nyingine zikiwa zimechezwa kwa kasi isiyo yake, mwimbaji akawa kama mtoto. Mizunguko ni 78 kwa dakika, na hata hiyo haikuwa sawa kabisa kila studio.

Baya zaidi ni usafi uliopita kiasi. Programu ya kuondoa mkwaruzo haijui kutofautisha mkwaruzo na sauti ya s au sh, maana zote ni mvumo wa juu. Ukiiachia ifanye itakavyo, inakula konsonanti. Mpumuo unaotofautisha paa la nyumba na paa wa mwituni katika matamshi ya wenyeji wa pwani nao huondoka. Kwa msikilizaji wa kawaida wimbo umetakata. Kwa anayetaka kujua Kiswahili cha Unguja kilitamkwaje miaka karibu 100 iliyopita, ushahidi umefutwa, na mtu ameufuta kwa nia njema, kama mimi na spiriti yangu. Basi na iwekwe kwanza nakala mbichi, pamoja na makelele yake yote. Iliyosafishwa ifuate kando.

Darasani nilicheza nakala mbichi ya namna hiyo. Santuri ilikuwa na ufa, ukasikika kila mzunguko, zaidi ya mara moja kwa sekunde. Mwanzoni wanafunzi walicheka. Halafu mmoja aliyeketi nyuma, msichana wa Lamu, akaanza kuandika maneno aliyoyatambua na wenzake wasiyatambue, na ilipokwisha akaniomba nirudishe mwanzo. Tulirudisha mara nne, hadi kengele ikalia.