Siri ya Fumo Liyongo

Wapendwa wanandoa wa Kisii na Nyamira, habari za Samsoni na Delila mnazijua (Waamuzi 16). Pwani ya Kenya nayo ina Samsoni wake, Fumo Liyongo, shujaa na mshairi.

Sultani wa Pate alimwogopa. Akamwahidi mwana wa Liyongo kumwoza binti yake na kumpa uwaziri. Mwana akambembeleza baba ataje kinachoweza kumwua. Baba alishuku, lakini akamwambia: sindano ya shaba kitovuni. Akachomwa usingizini, akafa amepiga goti kisimani, upinde mkononi. Mwana hakufaidi alichoahidiwa.

Je, ni kweli? Kaburi lake huonyeshwa Kipini, na Muhammad Kijumwa aliuandika utendi wake mwaka 1913, ila wataalamu hawakubaliani aliishi karne gani. Lakini anguko la namna hii tunaliona majumbani: adui akishindwa kwa nguvu, hununua mtu wa ndani.

Baba na mama, siri ya mwenzako usiipeleke chamani wala kwa ndugu wanaogombea shamba. Na jioni hii, baada ya Rozari, ulizaneni: watoto wetu hutusikia tukisifu utu, au mali na cheo?