Robert FitzRoy: nahodha aliyewaachia wavuvi utabiri wa hali ya hewa

Kila tunapomaliza kusoma utabiri wa hali ya hewa wa Ziwa Victoria, simu za wasikilizaji huanza kuita. Wengine hushukuru. Wengine hulalamika kwamba jana tulitangaza upepo mkali, wakakaa mwaloni, na usiku ukapita shwari huku wenzao waliotoka wakirudi na dagaa. Malalamiko hayo tunayaelewa. Mvuvi asiyetoka usiku mmoja anakosa mboga, ada ya mtoto na fedha ya kumrejeshea aliyemkopesha mafuta. Ndiyo maana tumeona tuwasimulie habari za mtu aliyesikia malalamiko ya aina hiyo zaidi ya miaka 160 iliyopita, nayo yakamuumiza sana.

Mtu huyo ni Robert FitzRoy, Mwingereza aliyezaliwa tarehe 5 Julai 1805. Ukoo wake ulikuwa wa wakubwa wenye mashamba na vyeo, lakini yeye alipelekwa chuo cha wanamaji akiwa na miaka 12, na maisha yake yakawa ya majini. Mwaka 1828, akiwa na miaka 23 tu, alikabidhiwa meli iliyoitwa Beagle, iliyokuwa ikipima pwani ya kusini mwa Amerika ya Kusini. Nahodha aliyemtangulia alikuwa amejiua kwa upweke na uchovu wa kazi hiyo.

Wiki chache baadaye, Januari 1829, Beagle ilikuwa karibu na mdomo wa mto La Plata. Baromita, chombo kinachoonyesha uzito wa hewa, ilikuwa imeshuka, na mawingu angani yalikuwa yakibadilika. Nahodha kijana aliziona dalili hizo, ila hakuzipa uzito wa kutosha. Upepo ulipoipiga meli, uliilaza ubavu na kuvunja milingoti, na mabaharia wawili wakafa maji. FitzRoy hakumlaumu mtu mwingine. Tangu siku hiyo alijua kwamba hewa hutoa taarifa kabla ya kupiga, na kwamba kiongozi wa chombo asiyezisoma taarifa hizo hulipa kwa roho za watu wake.

Wengi wanaijua Beagle kwa safari yake ya pili, ya kuanzia Desemba 1831 hadi Oktoba 1836, kwa sababu ndani yake alikuwamo kijana Charles Darwin, aliyekuja kuwa mwanasayansi maarufu. Lakini safari hiyo ina habari nyingine inayotuhusu sisi watu wa ziwa. Francis Beaufort, mkuu wa ofisi ya ramani za bahari, alikuwa ametengeneza ngazi ya kupima nguvu za upepo kwa macho, kuanzia sifuri pakiwa kimya hadi 12 pakiwa na tufani. Ni katika safari ya Beagle ngazi hiyo ilipotumika rasmi kwa mara ya kwanza. Leo unaposikia upepo ukitajwa kwa viwango, ujue vilianza kuandikwa kwenye daftari la meli ya FitzRoy.

Aliporudi nyumbani alikuwa mbunge, kisha mwaka 1843 akapelekwa New Zealand kuwa gavana. Huko walowezi walimchukia, kwani katika mgogoro wa ardhi hakukubali kuwalaumu wenyeji Wamaori kwa kosa ambalo aliona ni la walowezi. Mwaka 1845 aliondolewa. Mali yake nyingi nayo ilikuwa imeishia kwenye gharama za safari alizozilipa mwenyewe bila kurudishiwa na serikali.

Mwaka 1854 serikali ya Uingereza ilianzisha ofisi ndogo ya kukusanya takwimu za hali ya hewa baharini, na FitzRoy akawekwa kuiongoza akiwa na makarani wachache. Kazi aliyopewa ilikuwa kuandika hali ya hewa iliyokwisha kupita. Yeye alitaka kujua ya kesho. Alianza kupeleka baromita katika vijiji vya wavuvi ambao hawakuwa na uwezo wa kuzinunua. Zilitundikwa karibu na gati, zikiwa na maelezo mafupi, ili mvuvi azitazame kabla ya kusukuma mashua. Zebaki ikishuka haraka, asitoke.

Kisha ukaja usiku wa tarehe 25 Oktoba 1859. Meli iitwayo Royal Charter, iliyotoka Australia ikiwa na wachimba dhahabu waliokuwa wakirudi kwao, ilivunjwa na dhoruba kwenye miamba ya Anglesey, Wales, ikiwa karibu kabisa kufika. Watu wapatao 450 walikufa. Katika dhoruba hiyo vyombo vingine zaidi ya 100 vilipotea. FitzRoy alikusanya taarifa za upepo kutoka sehemu mbalimbali, akaonyesha kwamba dhoruba ile ilikuwa ikitembea, na kwamba waliopigwa kwanza wangeweza kuwaonya waliofuata kwa telegrafu.

Mwaka 1861 mpango huo ulianza. Vituo vya pwani vilituma vipimo London kila asubuhi. Hatari ikionekana, amri ilirudi kwa telegrafu, na bandarini ikapandishwa alama nyeusi ya turubai juu ya mlingoti. Pia yenye ncha juu ilimaanisha upepo mkali kutoka kaskazini, yenye ncha chini kutoka kusini. Usiku zilitumika taa. Hata asiyejua kusoma alielewa. Agosti mwaka huo huo utabiri wa kwanza kwa wananchi ulichapishwa gazetini.

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Utabiri ulipokosea, magazeti yalimcheka. Wanasayansi walisema anabahatisha. Bungeni waliuliza gharama za telegrafu. Wenye mashua za uvuvi walinung'unika kwamba alama ikipandishwa vijana wao hawatoki, na siku ya biashara inapotea. FitzRoy alifanya kazi hadi afya na akili vikachoka. Asubuhi ya Jumapili tarehe 30 Aprili 1865, akiwa na miaka 59, alijiua. Familia aliiacha na madeni, na marafiki walichanga fedha kuisaidia.

Mwishoni mwa 1866 tahadhari za dhoruba zilisimamishwa. Mabaharia na wavuvi ndio waliozidai, na mwaka uliofuata zikarudishwa. Wale walioingia majini wenyewe walijua thamani yake.

Ofisi ile ndogo ya FitzRoy leo ndiyo idara ya hali ya hewa ya Uingereza. Idara hiyo ilishirikiana na mamlaka za nchi zetu, ikiwamo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, katika mradi wa kuboresha utabiri wa Ziwa Victoria ulioanza mwaka 2017. Kwa hiyo tunachokusomea jioni kina undugu na pia ile nyeusi ya turubai.

Ziwa letu lina tabia yake. Usiku nchi kavu hupoa huku maji yakibaki na joto, hivyo pepo za kutoka kingo zote hukutana katikati na kuinua mawingu ya radi. Mengi husukumwa kuja upande wetu wa magharibi, ndiyo maana Bukoba na Muleba mara nyingi tunaamka na mvua na ngurumo. Saa hizo ndizo mvuvi wa dagaa yuko mbali na taa zake.

Basi, ndugu msikilizaji wa Hamugembe, Kemondo, Bumbire au Goziba, kabla ya kutoka sikiliza utabiri, na ujue maneno yake: Angalizo, Tahadhari na Tahadhari Kubwa si kitu kimoja. Tazama upande wa mashariki. Ukiona wingu jeusi linapanda, radi inamulika mbali, au upepo uliotulia unageuka ghafla kuwa wa baridi, subiri. Ukiwa tayari majini, rudi mapema au tafuta kisiwa cha karibu. Jaketi okozi livae mwilini, lisiwe la kukalia.

Utabiri utakosea siku nyingine, na siku hiyo utapoteza kipato cha usiku mmoja. Tupigie ulalamike, tutakusikiliza. Tutafurahi kwamba uko nchi kavu na simu yako mkononi.