Mtoto wa Unguja aliyeiimbisha Wembley

Juzi hapa Makongolosi nilikuwa kafe naangalia video ya Queen pale Wembley. Jamaa wawili waliotoka zao karasha wakasimama nyuma yangu. Nikawaambia huyo mwenye koti la njano na masharubu kazaliwa Unguja. Wakanicheka! Basi nikaona niiandike.

Jina lake ni Farrokh Bulsara, kazaliwa Mji Mkongwe 5 Septemba 1946. Wazazi wake ni Waparsi wenye asili ya India, baba akiwa mtunza fedha wa serikali ya kikoloni. Akapelekwa shule ya bweni Panchgani, India, huko akapiga piano kwenye bendi ya wanafunzi. Akarudi Unguja, kisha yakaja Mapinduzi ya 1964 na familia ikahamia Uingereza, yeye hajafika hata miaka 18. Mwaka 1970 wakaanzisha Queen na Brian May na Roger Taylor, akajiita Freddie Mercury. John Deacon aliingia 1971.

Sasa hiyo rekodi. Walipiga Wembley 11 na 12 Julai 1986, na albamu ya Live at Wembley '86 sehemu kubwa ni ya siku ya pili. Kwa wasanii wetu wanaopanda jukwaani kufuatisha CD, hili ni darasa tosha. Freddie anatoa sauti tu bila maneno, uwanja mzima unamrudishia. Anapandisha, nao wanapandisha, kama ngoma vile, mmoja anaanzisha wengine wanaitikia. Mwishoni anatoka na taji na joho la kifalme!

Kuna mahali anawaambia watu uvumi wa bendi kuvunjika ni uongo, watakuwa pamoja mpaka kufa. Hapo huwa nairudisha nyuma. Maana 9 Agosti mwaka huohuo, Knebworth, ndiyo ilikuwa shoo yake ya mwisho na Queen. Tarehe 23 Novemba 1991 akatangaza ana UKIMWI, kesho yake akafariki, miaka 45. Albamu ilitoka 1992, kwa hiyo walioinunua walikuwa wanamsikia marehemu akitoa ahadi ambayo alishaitimiza.

Huku kwetu mambo hayakuwa rahisi. Mwaka 2006 sherehe ya kumkumbuka Unguja ilifutwa baada ya kikundi cha UAMSHO kuipinga. Makumbusho yake yalifunguliwa Shangani 2019. Mimi namhesabu wa kwetu, mnaobisha uwanja ni wenu hapo chini.

Wale jamaa? Walilipia nusu saa nyingine, wakaniambia nirudishe pale pa kuitikiana.