Semmelweis: Daktari aliyepuuzwa kwa kuhimiza kunawa mikono

DAKTARI Ignaz Semmelweis alizaliwa Buda, Hungary, mwaka wa 1818. Katika hospitali kuu ya Vienna, homa ya uzazi iliwaua wanawake waliozalishwa na madaktari kuliko waliohudumiwa na wakunga.

Machi 1847, rafiki yake, Jakob Kolletschka, alifariki baada ya kukatwa na kisu cha kupasulia maiti. Semmelweis akang'amua kuwa madaktari walitoka kupasua maiti na uchafu mikononi. Mnamo Mei aliwaamuru kunawa kwa maji ya klorini. Vifo vilishuka kutoka asilimia 18 mwezi Aprili hadi 2 mwezi Juni.

Wakuu wengi walimpuuza. Alifariki 1865 kwa jeraha lililoingia viini. Leo, anayemtoa damu mgonjwa mahututi ili ipimwe viini hunawa kwanza, matokeo yasipotoshwe.